Kwa Baiskeli na Udi, Mombasa hadi Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sisi ni watu saba: mpiga udi, mpiga fidla, wapiga ngoma wawili, waimbaji wawili, na fundi baiskeli ambaye jua likizama hugeuka fundi mitambo. Upepo wa kaskazi ukishashika tunapanda baiskeli Mombasa na kuteremka nazo hadi Dar es Salaam, tukipiga taarab na chakacha kila tunapolala, na mara nyingi hata tusipolala. Maswali yamekuwa mengi kwenye simu zetu, na mengi yanafanana. Tumeyakusanya hapa.

Mnapita wapi, na ni kilomita ngapi?

Tunavuka feri ya Likoni alfajiri, tunashika barabara ya Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga, kama kilomita 100. Tunaingia Tanzania kwa Horohoro, na kutoka hapo hadi Tanga mjini ni kama 65. Tanga tunakaa siku mbili. Kisha Muheza, Segera, Kabuku, Mkata, Mbwewe, tunavuka mto Wami hadi Msata. Hapo tunaiacha barabara kuu na kukata kushoto kwenda Bagamoyo, kilomita 64 za lami tulivu ambazo kila mmoja wetu anazisubiri tangu Segera. Bagamoyo hadi Dar ni kama 65 nyingine. Jumla inazidi kidogo 500. Tunazimaliza kwa siku kumi na tano, maana siku nyingine ni za muziki tupu.

Kwa nini msifuate pwani, mpite Pangani na Saadani?

Tanga hadi Pangani tumeshakwenda, ni kama kilomita 50, na kupiga udi ukingoni mwa mto Pangani ni jambo ambalo hatutalisahau. Lakini ukivuka kwenda Bweni na kuendelea kusini unaikuta Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ni hifadhi yenye simba, tembo na nyati. Hapo si mahali pa msafara wa baiskeli wenye trela. Kwa hiyo tunazunguka bara, tunairudia bahari Bagamoyo.

Mnasafiri mwezi gani?

Januari. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu: kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, na sisi tunakwenda kusini. Majahazi yaliteremka hivyo hivyo karne nyingi, na upepo uliosukuma tanga unasukuma pia mgongo wa mwendesha baiskeli aliyebeba ngoma. Tulijaribu mara moja kufanya safari mwezi wa Julai, kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiwa imekaza. Kati ya Horohoro na Tanga tulipiga pedeli hata kwenye miteremko, na jioni hiyo mwimbaji wetu hakuwa na pumzi ya kumaliza ubeti. Hatukurudia.

Gharama ya kaskazi ni joto. Januari na Februari jua la pwani halina huruma, na hilo tunalijibu kwa kuondoka saa 11 alfajiri na kutokuwa barabarani kati ya saa 5 na saa 9. Masika, kuanzia Machi, hatuyagusi kabisa: barabara za vijijini zinageuka tope, na ngozi ya ngoma inalegea hata ukiiota moto mara tatu kwa usiku mmoja.

Kuna na jambo la Ramadhani, na hili wageni huwa hawalifikirii. Mwezi mtukufu unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na miaka hii unaelekea kwenye msimu wetu. Mwaka 2027 unatarajiwa kuingia wiki ya pili ya Februari, na 2028 mwishoni mwa Januari, kutegemea mwandamo. Ngoma hazipigwi pwani mwezi huo, wala sisi hatutaki kuzipiga. Basi tunahesabu kutoka mwishoni: lazima tuwe tumefika Dar, tumeshukuru na kutawanyika, angalau wiki moja kabla ya mwezi kuandama.

Sijawahi kuendesha mbali. Nitaweza?

Ukiweza kuendesha kilomita 30 asubuhi, upumzike, na kesho yake uamke uendeshe 30 tena bila kuwalaumu watu wa nyumbani, utaweza. Siku zetu nyingi ni kati ya 40 na 65. Anza mazoezi miezi mitatu kabla, na ufanye mazoezi ukiwa na mzigo ule ule utakaobeba. Miguu si tatizo. Kinachoumiza wageni ni makalio siku ya pili na ya tatu, na mikono kufa ganzi. Kwa mpiga ala mikono ndiyo mali, kwa hiyo badilisha unavyoshika usukani kila baada ya dakika chache, na ukifika usishike ala mpaka vidole vimerudi.

Baiskeli ya aina gani?

Imara, ya chuma, yenye gurudumu ambalo tairi na tyubu yake inapatikana dukani Muheza. Hicho ndicho kipimo chetu. Baiskeli nyepesi ya bei kubwa ikikatika sehemu inayouzwa Ulaya tu, safari yako imeishia Kabuku. Ile baiskeli nzito ya kubebea maji na magunia, anayoijua kila fundi wa chini ya mwembe, inafika. Ongeza gia kama unaweza, maana baada ya Segera kuna vilima. Keria iwe ya kuchomelewa. Keria ya kufungwa kwa bolti tumeziona zikilegea kwa mtikisiko.

Beba tyubu mbili, viraka, gundi, pampu, spana, spoki sita za ukubwa wa gurudumu lako, kipande cha cheni na waya wa breki. Spoki usizipunguze. Utaona sababu hapa chini.

Ala mnazibebaje bila kuvunjika?

Hili ndilo swali tunalolipenda. Udi unasafiri ndani ya sanduku gumu, juu ya trela yenye magurudumu mawili, sanduku limelazwa juu ya godoro la sponji na kufunikwa kwa nje khanga nyeupe iliyolowekwa maji. Adui wa kwanza wa udi ni joto. Ala nyingi za mbao zimegandishwa kwa gundi ya asili, na gundi hiyo ikipata moto na unyevu inalainika. Sanduku jeusi likiachwa juani nusu saa, uso wa udi unaanza kuachana na tumbo. Kwa hiyo kivuli cha kwanza ni cha udi, cha pili ni cha watu. Na kabla ya kuondoka kila asubuhi tunalegeza nyuzi kidogo, sauti moja au mbili chini, ili mkazo upungue.

Fidla ni hadithi nyingine. Ndani ya fidla kuna kijiti chembamba kama penseli, kimesimama kati ya uso na mgongo. Hakikugandishwa kwa chochote. Kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake. Mwaka wetu wa pili, tulipofika Kabuku mchana wa jua kali, mpiga fidla wetu aliogopa joto akalegeza nyuzi zote nne kwa pamoja. Tukasikia mlio mdogo ndani ya fidla, kama punje ya mahindi iliyodondoka kwenye sufuria. Kijiti kimelala. Fidla bila kijiti kile inatoa sauti kama ya boksi.

Mafundi wa fidla wana chombo maalumu cha kukisimamisha, chuma kilichopinda kama herufi S. Sisi tulikuwa na spoki. Fundi wetu aliweka ncha ya spoki juu ya jiwe, akaiponda kwa nyundo mpaka ikawa bapa na kali, akaipinda kwa koleo huku na huku. Akakichoma kijiti kwenye ncha ile, akakipitisha kwenye tundu la uso wa fidla, akaanza kukitafutia mahali pake. Kilianguka. Akarudia, kikaanguka tena. Watoto walikuwa wamezunguka, mmoja ameshika tochi ya simu, hapumui. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Kiliposimama na nyuzi zikakazwa, wale watoto walipiga makofi kabla hata noti moja haijapigwa. Onyesho lilianza baada ya isha, na sauti ya fidla ilikuwa nyembamba kidogo kuliko kawaida, lakini ilikuwepo.

Tangu siku ile spoki ile iliyopinda inasafiri ndani ya sanduku la fidla. Na nyuzi zinalegezwa kidogo kidogo, hata siku moja si zote.

Ngoma ni rahisi. Zinafungwa juu ya keria, mdomo ukiangalia nyuma, na usiku wenye umande zinaota moto wa makuti kabla ya kupigwa. Ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, hatubebi. Tuliwahi kuibeba, tukatumia jioni nzima kuitia sauti, na wasikilizaji wakaenda kulala.

Umeme wa spika mnautoa wapi? Si mngepiga pedeli tu?

Wengi wanadhani tunahifadhi umeme tunapoendesha. Hesabu haikubali. Dinamo ya kwenye gurudumu hutoa kama wati 3. Ukiendesha saa sita umepata wati-saa 18, yaani kuchaji simu moja. Mtu mzima akiketi kwenye baiskeli iliyosimamishwa na kuunganishwa na jenereta anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda, na hizo zinatosha spika zetu mbili ndogo na mikisa, ambazo kwa pamoja hutumia kama 60. Tulifanya hivyo Msambweni. Watoto walipanga foleni kupiga pedeli, ikawa furaha kubwa, ila kila mpigaji pedeli alipochoka sauti ya mwimbaji ilizama pamoja naye.

Sasa tuna betri ya volti 12 na ampea-saa 20, yaani wati-saa 240. Kwenye karatasi ni saa nne. Sisi tunahesabu tatu. Inachajiwa na sola ya wati 100 iliyofungwa juu ya trela, hasa pale tunapopumzika mchana. Pedeli tumezibakiza kwa nyimbo mbili za mwisho, kwa ajili ya watoto. Na pale ambapo watu hawazidi mia tunazima spika kabisa. Udi uliundwa kwa ajili ya sebule.

Mnapiga wapi, na saa ngapi?

Uwanja wa shule, chini ya mwembe, gulioni, mbele ya ofisi ya kijiji. Mmoja wetu hutangulia siku moja kwa basi, akabishe hodi kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, na upande wa Kenya kwa chifu. Anaeleza sisi ni nani, anaomba ruhusa na kuuliza kama kuna msiba. Kukiwa na matanga hatupigi. Tunakwenda kuhani, tunalala, tunaondoka.

Tunaanza baada ya alasiri na kunyamaza kabla ya magharibi, au tunaanza baada ya isha. Hatutii ala sauti wakati wa adhana, hata kama msikiti uko mbali. Watu wanaliona hilo bila kuambiwa.

Mnapiga nyimbo gani?

Zetu, na za kila mahali tunapopita. Kwale tunanyamaza kwanza tuwasikilize Wadigo na sengenya, ngoma yao, kisha ndipo tunapiga. Mombasa tunaondoka na ladha ya udi wa marehemu Zein l'Abdin na sauti ya marehemu Juma Bhalo, ambao kila mpiga taarab wa upande ule amekulia kwao, ajue asijue.

Tanga tunaingia kwa adabu. Mji ule ulikuwa na vikundi vya taarab vya Black Star Musical Club na Lucky Star, na ndiko sauti ya Shakila Said ilikosikika kwanza na watu wengi. Taarab ya Tanga ilikuja na gitaa, besi na mwendo wa kuchezeka, ikabadilisha masikio ya pwani nzima. Wazee wa pale bado wanajua kila kiitikio, na wakikwambia umekosea, umekosea.

Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na vijana wake wanakuja kupiga nasi bila kualikwa mara mbili. Ni mji pia alioishi Hukwe Zawose, aliyeileta zeze na ilimba ya Wagogo kutoka Dodoma na kuipeleka duniani, mpaka alipofariki mwaka 2003. Usiku wa Bagamoyo ndio mrefu kuliko yote ya safari.

Kuna kiingilio?

Hakuna. Mwenye kutaka kututunza anatutunza, kama ilivyo desturi ya taarab: anainuka, anacheza mpaka mbele, anaweka noti mkononi mwa mwimbaji. Wengine wanaleta madafu, mihogo, na siku moja kuku hai ambaye alisafiri kwenye kikapu hadi Mkata. Maonyesho ya Tanga, Bagamoyo na Dar huwa na mwenyeji anayelipa, na hayo ndiyo yanayobeba mengine.

Mpakani hamsumbuliwi na ala zote hizo?

Andaa karatasi mapema. Tunaorodhesha kila ala na kila baiskeli, rangi yake, namba ya frimu na picha, nakala mbili, na tunaomba orodha igongwe muhuri tunapoingia ili isionekane tunaleta bidhaa. Pasipoti, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Msanii asiye Mtanzania anahitaji kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kabla ya kupanda jukwaani Tanzania. Usingoje ufike Horohoro ndipo ukiulizie.

Wanawake wanaendesha?

Ndiyo. Waimbaji wetu wote wawili ni wanawake, na mmoja anavaa hijabu safari nzima. Suruali pana chini, gauni fupi juu, na kifuniko cha cheni ili nguo isinaswe. Khanga zinavaliwa tukishuka. Vijijini tulitarajia maneno. Tuliyoyapata zaidi ni wasichana wanaoomba kujaribu baiskeli, na akina mama wanaouliza mgongo hauumi. Kulala, wanawake wana chumba chao kila mahali, na hilo halijadiliwi.

Barabara ya Segera ni hatari. Hamuogopi?

Tunaiogopa, na ndiyo maana tuna masharti. Kutoka Segera hadi Msata ni kama kilomita 140 za mabasi ya mikoani na malori. Tunaendesha mstari mmoja, hatua kumi kati ya baiskeli na baiskeli. Wa mwisho ana kioo na kizibao cha kung'aa. Akipuliza filimbi mara mbili, wote tunatoka nje ya lami bila kuuliza. Hakuna spika za masikioni. Hakuna kuendesha baada ya saa 12 jioni, hata kama zimebaki kilomita tatu. Zamani kuvuka Wami kulikuwa kunatunyima usingizi, kwa mteremko wake na daraja jembamba. Daraja jipya limetupunguzia hofu hiyo.

Asiyeyataka masharti haya, tunamwombea safari njema peke yake.

Mnakula na kulala wapi?

Mahamri na mbaazi Mombasa, uji na chapati njiani, wali maharage usiku. Maji nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya kuendesha, na chumvi kidogo. Tunalala gesti, madarasani shule zikiwa zimefungwa, au kwa wenyeji.

Nyinyi ndio wa kwanza kufanya hivi?

Hapana. Mwaka 2009 Ben Sollee, mpiga chelo wa Kentucky, Marekani, alifunga chelo yake kwenye baiskeli akaendesha kutoka Lexington hadi tamasha la Bonnaroo huko Tennessee, zaidi ya kilomita 500, akipiga njiani. Kabla yake, 2007 na 2008, kundi la Ginger Ninjas lilitoka California hadi Mexico kwa baiskeli, na mitambo yao ikiendeshwa kwa pedeli. Tulipozisikia habari hizo tulijua inawezekana. Njia ndiyo yetu.

Kwa nini msipande basi tu? Mngefika siku moja, na hamjachoka.

Tulikuwa tunapanda basi. Tulikuwa tunapiga Mombasa, Tanga, Dar, na tukadhani tunaijua pwani.

Mwaka wa kwanza wa baiskeli tulipata pancha karibu na Mbwewe, saa 4 asubuhi, mahali pasipokuwa na kijiji cha kuonekana. Fundi akaanza kuziba. Mpiga udi, kwa kutokuwa na kazi, akakaa kwenye kivuli akapiga wimbo wa zamani wa Tanga. Akatokea mzee na fimbo yake kwenye kinjia, akasimama kando. Akasikiliza. Kisha akaanza kuimba ubeti wa tatu, ambao sisi hatukuwa nao. Alikuwa amefanya kazi kwenye mkonge ujana wake wote, akausikia kwenye redio ya kambini, na mashairi hayakumtoka. Akatuambia na mwendo wetu ni wa haraka mno, wimbo ule unataka kuvutwa. Tukaupiga tena alivyotaka yeye, mara nne, mpaka tyubu ikakauka. Leo tunauimba ukiwa kamili, beti zote.

Basi la mwendo kasi lilipita tukiwa pale. Lilipita kwa sekunde mbili.

Mnafika Zanzibar?

Mwaka ambao Ramadhani inaturuhusu, ndiyo. Baiskeli zinapakiwa kwenye boti Dar kama mzigo, na tunapiga jioni moja au mbili Mji Mkongwe. Kupiga taarab katika mji wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, kunahitaji mazoezi, kwa hiyo siku tatu za Dar tunafungia mlango na kujinoa.

Nataka kujiunga. Mnahitaji mpiga ala gani?

Kwa safari ijayo tunatafuta mpiga dumbaki ambaye anaweza pia kuziba pancha, na mtu mmoja wa kutangulia kwa basi, mwenye ulimi wa kubisha hodi. Wapiga udi tunao wa kutosha. Mwenye rika lake, ile tari ndogo, na aje nalo. Ni jepesi, linaingia kwenye begi la mgongoni. Mazoezi ya kuendesha tunaanza Oktoba, Jumapili alfajiri, tukikutana upande wa Likoni baada ya feri. Njoo na baiskeli utakayosafiri nayo, ikiwa na mzigo.